Fila Iliyoharibika Usoni: Kuyeyushwa kwa Sindano au Kupasuliwa?

Mtu aliyechomwa fila, yaani kijazio kinachodungwa chini ya ngozi ili kujaza uso, miaka mitatu iliyopita, na ambaye leo anapapasa kinundu kigumu chini ya jicho, hupata ushauri wa namna mbili, na kila mmoja hutolewa kwa uhakika uleule. Mshauri wa kwanza humwambia kwamba ipo sindano ya kuyeyusha, kwa hiyo asihangaike. Wa pili humwambia kwamba kitu kikishaingia usoni hakitoki ila kwa kisu. Ushauri wote wawili ni sahihi kwa watu fulani na ni hatari kwa wengine, na kinachowatenganisha watu hao si ukubwa wa uvimbe wala uzito wa mfuko, bali ni swali ambalo wengi hawakuliuliza siku ya kuchomwa: ndani ya bomba lile la sindano mlikuwa na nini?

Ninalinganisha hapa njia hizo mbili, pamoja na njia ya tatu ambayo husahaulika kwa sababu haina mbwembwe, yaani kusubiri chini ya uangalizi wa daktari. Kuna hali moja ambayo haina nafasi ya kuchagua, na ni afadhali tuitoe njiani kwanza.

Dharura haina ulinganisho

Fila ikiingia ndani ya ateri, ngozi inayolishwa na ateri hiyo hukosa damu. Mgonjwa huhisi maumivu yasiyolingana na tundu la sindano, ngozi hupauka, kisha hutokea mabaka ya rangi ya zambarau yaliyotandaa kama wavu, na baada ya siku moja au mbili hufuata malengelenge na vidonda. Katika ngozi nyeusi kupauka huko hujificha, na vitabu vingi vilivyoandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe havimsaidii sana daktari wa kwetu. Ni lazima kutazama fizi na upande wa ndani wa mdomo, kulinganisha upande mmoja wa uso na wa pili, na kuyaamini maumivu hata pale rangi isiposema kitu. Ikiwa kilichochomwa ni asidi ya hialuroniki, daktari humimina dawa ya kuyeyusha kwa wingi katika eneo lote lililokosa damu, na hurudia kila baada ya saa moja hivi mpaka damu irejee. Hapo hakuna kazi ya kisu.

Jicho ni baya zaidi. Chembe za fila zinaweza kusukumwa kinyumenyume kupitia ateri ndogo za paji la uso na pua hadi kwenye ateri inayolisha retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na retina haivumilii kukosa damu kwa zaidi ya dakika kadhaa hadi saa moja na kitu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya visa 98 vya watu waliopata madhara ya kuona baada ya kuchomwa vijazio usoni. Karibu nusu yao walichomwa mafuta yaliyovunwa kutoka miili yao wenyewe, kitu ambacho watu wengi hukidhani salama kwa kuwa ni cha asili, na maeneo yaliyoongoza yalikuwa katikati ya nyusi na kwenye pua. Wengi wao hawakurudiwa na uwezo wa kuona. Kwa hiyo anayepoteza kuona ghafla akiwa bado kwenye kiti cha saluni au cha kliniki hapaswi kulinganisha chochote; anapaswa kukimbizwa hospitali yenye daktari wa macho.

Kutafuta jina la kilichochomwa

Baada ya dharura kuwekwa kando, hatua ya kwanza ni kutambua kitu chenyewe. Kuna asidi ya hialuroniki, iliyomo katika bidhaa kama Restylane na Juvéderm. Hii ni dutu ambayo mwili wenyewe huitengeneza. Karl Meyer na John Palmer waliitenga mwaka 1934 huko New York kutoka kwenye ute wa jicho la ng'ombe. Kwa kuwa ni dutu ya mwili, mwili una kimeng'enya cha kuivunja, kiitwacho hialuronidasi, na kimeng'enya hicho ndicho kinachouzwa kama dawa ya kuyeyushia. Kila faida ya njia ya kuyeyusha inatokana na bahati hiyo moja ya kibayolojia. Vijazio vingine vyote vinavyotajwa hapa havina kimeng'enya chake.

Vingine hivyo ni vya makundi mawili. Vipo vinavyoisha vyenyewe polepole: Radiesse, yenye vijipunje vya kalsiamu vinavyofanana na madini ya mfupa, na Sculptra, ambayo ni asidi ya polilaktiki. Sculptra iliidhinishwa Marekani mwaka 2004, kwanza kwa watu wenye VVU ambao mashavu yao yalikuwa yamebonyea. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaokumbuka sura za watu waliotumia stavudini, dawa ya VVU iliyokausha mafuta ya mashavu, kabla Shirika la Afya Duniani halijapendekeza mwaka 2009 dawa hiyo iachwe hatua kwa hatua, watajua kwamba si kila anayejazwa uso anatafuta urembo. Kisha vipo visivyoisha: silikoni ya majimaji, jeli ya poliakrilamaidi, na vijipira vya akriliki kama vilivyomo katika Bellafill. Tangu Robert Gersuny wa Vienna alipoanza kuchoma vaselini mwilini mnamo mwaka 1899, historia ya vitu visivyoisha imejirudia kwa mtindo uleule: furaha ya miaka michache, kisha vinundu, kisha meza ya upasuaji.

Asiyejua alichomwa nini asikisie kwa bei wala kwa maneno ya mtu aliyemchoma. Aombe nakala ya kumbukumbu na stika ya bidhaa, kwa maana bidhaa halali huja na stika yenye namba ya toleo ambayo hubandikwa kwenye faili la mgonjwa. Ikiwa haipo, ultrasaundi ya masafa ya juu inayofanywa na mtu aliyezoea kupima uso inaweza kusema mengi: asidi ya hialuroniki huonekana kama vidimbwi vyeusi, silikoni hutoa ukungu mweupe unaofunika kila kilicho nyuma yake, na kalsiamu hung'aa na kuacha kivuli. Baadhi ya madaktari huchoma hialuronidasi kidogo kama jaribio, na kinundu kisiponywea hujua kwamba wanashughulika na kitu kingine. Gharama ya kipimo inaweza kumuuma mtu aliyekwisha kutumia fedha nyingi, lakini nionavyo mimi hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi ya hiyo katika safari nzima, kwa sababu upasuaji uliofanywa juu ya kitu kilichoweza kuyeyuka, au dozi tano za kuyeyusha zilizomiminwa juu ya silikoni, ni hasara isiyolipika.

Sindano na kisu vikiwekwa bega kwa bega

Hialuronidasi huanza kazi ndani ya dakika chache na matokeo yake huonekana vizuri ndani ya siku mbili. Hufanyika kliniki, mgonjwa akiwa macho, na hakuna kovu linalobaki. Mara nyingi dozi moja haitoshi kwa kinundu cha zamani kilichozungukwa na ganda la tishu ngumu, hivyo mgonjwa huitwa tena baada ya wiki mbili hivi ili atazamwe kabla ya kuongezewa. Kosa la kuyeyusha ni kwamba dawa haichagui: huondoa kinundu pamoja na fila nzuri iliyo jirani, na uso unaweza kuonekana umebonyea kwa muda. Wengi huogopa kwamba dawa hula na asidi ya asili ya ngozi yao. Ni kweli kwamba huigusa, ila mwili huibadilisha asidi hiyo kila siku, na ile iliyopungua hujazwa upya.

Hatari halisi ya kuyeyusha ni mzio. Hialuronidasi imo pia katika sumu ya nyuki na nyigu, na mtu ambaye amewahi kuzidiwa baada ya kuumwa na wadudu hao lazima aseme kabla hajachomwa, na kliniki isiyo na adrenalini karibu haifai kumchoma mtu yeyote. Hatari ya pili ni usaha. Dawa inayofungua tishu inaweza kuwafungulia njia bakteria, na kwa hiyo kinundu chekundu, chenye joto na maumivu, hakiyeyushwi kabla ya mgonjwa kuanza viuavijasumu.

Upasuaji una tabia tofauti kabisa. Una uwezo wa kuondoa kitu chochote, cha jina lolote, mradi kiwe kimekaa pamoja na mkono wa daktari uweze kukifikia. Kipande kilichotolewa hupelekwa maabara, na mtaalamu wa patholojia huweza kusema kwa uhakika kilikuwa nini. Jambo hilo lina uzito wa pekee katika nchi ambazo kifua kikuu bado ni cha kawaida, kwa kuwa vinundu vya kifua kikuu na vinundu vya kitu kigeni vinaweza kufanana kwa macho. Lakini upasuaji huacha kovu na wakati mwingine shimo, na hupita karibu na matawi ya neva ya uso. Tawi linaloinua nyusi na lile linaloshusha pembe ya mdomo ni membamba na yamekaa karibu na ngozi, na mtu aliyeingia chumba cha upasuaji akiwa na kinundu anaweza kutoka akiwa na mdomo uliopinda. Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na sitaki kuuficha: kinundu kidogo kisichouma, kisichokua na kisichoonekana mpaka mtu akutazame kwa makusudi ni afadhali kibaki kuliko kukifukuza mpaka kwenye neva. Daktari anayekubali kuacha mabaki si mvivu.

Kwa upande wa gharama, ulinganisho haunyooki kama unavyodhaniwa. Dozi moja ya kuyeyusha ni nafuu kuliko upasuaji, lakini dozi nne, kila moja na safari yake, hukaribiana nao. Upasuaji nao huja na malipo ya chumba, ya ganzi au nusukaputi, ya maabara, na ya marekebisho ambayo hayatajwi siku ya kwanza. Mwulize daktari mapema kama bei anayoitaja ni ya operesheni moja au ni ya kazi nzima.

Kitu gani kinastahili njia gani

Asidi ya hialuroniki iyeyushwe. Hata ule weusi wa buluu unaotokea chini ya jicho fila ikiwekwa juujuu mno huondoka kwa dozi ndogo, au kwa kutoboa kwa ncha ya sindano na kukamua. Kisu huingia tu ikiwa pametunga jipu linalohitaji kufunguliwa, au ikiwa ganda gumu limebaki baada ya fila yenyewe kuyeyuka.

Radiesse na Sculptra ndipo subira inapostahili heshima. Kalsiamu hupungua kwa kiasi kikubwa ndani ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, na asidi ya polilaktiki ndani ya miaka miwili hivi, ingawa kinundu kilichokwisha kuota tishu kinaweza kukawia zaidi. Wakati wa kusubiri, daktari anaweza kuchoma maji ya chumvi na kukanda, au kuchoma mchanganyiko wa dawa za steroidi na dawa ya kuzuia tishu kukua. Midomo ndiyo ubaguzi: kalsiamu iliyochomwa mdomoni, mahali ambapo haikupaswa kuwekwa kamwe, hutengeneza punje nyeupe zinazoonekana mtu akicheka, na punje hizo hutolewa kirahisi kupitia tundu dogo upande wa ndani wa mdomo.

Jeli ya poliakrilamaidi inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu inadanganya. Kwa sehemu kubwa ni maji, ni laini, na hukaa miaka mingi bila ghasia. Kisha siku moja, mara nyingine baada ya mgonjwa kung'olewa jino au kupata maambukizi mahali pengine mwilini, shavu huvimba na kuwa la moto. Bakteria hukaa ndani ya jeli wakiwa wamejifunika utando ambao viuavijasumu havipenyi vizuri. Mgonjwa akipewa steroidi kwa kudhaniwa ana mzio, uvimbe hushuka kwa siku chache na maambukizi husambaa. Matibabu yake yako katikati ya sindano na kisu: daktari hutoboa kwa sindano nene au hukata tundu dogo, hukamua jeli, huosha nafasi hiyo kwa maji ya chumvi mara kadhaa, na mgonjwa humeza viuavijasumu viwili tofauti kwa wiki kadhaa. Jeli iliyohama kutoka shavuni hadi taya haitoki yote. China iliipiga marufuku mwaka 2006 baada ya malalamiko mengi, hasa ya wanawake waliojazwa matiti.

Silikoni ya majimaji ndiyo ngumu kuliko zote. Haikai mahali pamoja ili ichukuliwe. Hutawanyika kama matone madogo kati ya mafuta, misuli na ngozi, na kila tone huzungushiwa tishu na mwili. Hakuna sindano inayoiyeyusha na hakuna kisu kinachoweza kuiondoa yote bila kuondoa uso wenyewe. Anayeahidi kuitoa yote hajui anachokisema, au anajua. Kinachowezekana ni kupunguza: mdomo uliofura hukatwa kipande upande wa ndani, kwenye utando laini, na kushonwa, kinundu kigumu chenye mipaka hukatwa peke yake, na uvimbe uliosambaa hutibiwa kwanza kwa dawa kwa miezi, kisha huangaliwa kama bado kuna haja ya kisu. Vijipira vya akriliki huwa rahisi zaidi kidogo, kwa kuwa vinundu vyake mara nyingi vina mipaka inayoshikika.

Kovu katika ngozi yetu

Miongozo mingi inayosomwa mtandaoni hulinganisha njia hizi kana kwamba kovu ni mstari mwembamba unaofifia. Kwa watu wenye asili ya Afrika keloidi, yaani kovu linalofura na kukua kupita mipaka ya jeraha, hutokea mara nyingi zaidi, na mahali pa kukata huwa na uzito sawa na uamuzi wa kukata. Masikio na ukingo wa taya ni maeneo yanayopenda kuota keloidi, na ndiyo hasa yanayotumika katika mkato wa kuinua ngozi ya uso ambao baadhi ya madaktari huuchagua ili kufikia mashavu. Upande wa ndani wa mdomo na upande wa ndani wa kope ya chini hauna historia hiyo. Mtu ambaye aliwahi kuota keloidi baada ya kutoboa masikio anapaswa kulisema hilo kabla ya kuonyeshwa mchoro wowote, na amwulize daktari kama kinundu chake kinaweza kufikiwa kutoka ndani. Ikiwa haiwezekani, mizani huegemea tena upande wa dawa na subira, hata kama zinachukua mwaka. Ngozi nyeusi pia hubaki na madoa meusi baada ya uvimbe wa muda mrefu, kwa hiyo kusubiri nako si bure kabisa.

Ngozi ikishakufa

Pale dharura ilipochelewa kutibiwa na ngozi ikafa, swali hubadilika: hatuzungumzii tena kuondoa fila, tunazungumzia kurudisha sehemu ya uso. Hapa haraka huharibu. Ngozi iliyokufa huachwa ijitenge na iliyo hai, kidonda husafishwa na kufungwa kwa wiki kadhaa, na vidonda vingi vidogo hujifunga vyenyewe kwa kovu dogo kuliko lile ambalo daktari angeacha. Marekebisho ya kovu husubiri miezi sita hadi mwaka.

Pua iliyopoteza bawa lake haitajifunga yenyewe. Bawa dogo linaweza kujengwa kwa kipande cha sikio chenye ngozi na gegedu, na pengo kubwa zaidi hufunikwa kwa ngozi ya paji la uso inayogeuzwa chini huku ikiendelea kulishwa na mshipa wake, kisha shina lake hukatwa baada ya wiki tatu hivi. Wahindi waliifanya kazi hiyo karne nyingi kabla ya jarida moja la London kuisimulia mwaka 1794. Ila kuna mtego kwa wagonjwa wa fila: mshipa unaoilisha ngozi hiyo ya paji la uso ni uleule unaopita pembeni mwa katikati ya nyusi, yaani mahali panapoongoza kwa ajali za fila. Aliyezibwa mshipa huo upande wa kulia huenda asiwe na ngozi ya kukopa upande huo, na daktari anapaswa kuupima mtiririko wa damu kwa ultrasaundi ya Doppler kabla ya kuchora mstari wowote.

Wa kumwendea, na lini

Anayeyeyusha na anayepasua si lazima awe mtu mmoja. Kuyeyusha kunaweza kufanywa na daktari wa ngozi mwenye uzoefu. Kupasua uso ni kazi ya daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki, au wa masikio, pua na koo, au wa taya na uso, aliyekwisha kufanya upasuaji unaohusu neva ya uso. Nchini Kenya jina lake linaweza kutafutwa kwenye daftari la Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na Tanzania Bara kupitia Baraza la Madaktari Tanganyika. Waliochomewa Dubai, Istanbul au London warudishe swali la stika huko kabla ya kuanza matibabu nyumbani, kwa sababu barua pepe moja inaweza kuokoa kipimo kizima.

Upasuaji usio wa dharura haufanywi kinundu kikiwa kimewaka. Tishu iliyovimba huvuja damu, mipaka yake haionekani, na daktari hukata zaidi ya alichokusudia. Uvimbe utulizwe kwanza kwa dawa, kisha zipite wiki kadhaa za utulivu. Na shimo litakalobaki baada ya kukata lisijazwe papo hapo na fila nyingine; aliyepasuliwa hungoja angalau miezi sita mpaka kovu lilainike, na akijazwa basi iwe kwa mafuta yake mwenyewe yakichomwa na daktari anayetumia kanula butu (kibomba chembamba chenye ncha isiyo kali), au kwa asidi ya hialuroniki ambayo, ikienda mrama, kuna dawa ya kuiyeyusha.